Mapambo ya Krismasi kwa Mikono ya Watoto: Maswali na Majibu

Barua nyingi zilizofika kwenye safu hii hivi karibuni zinahusu jambo moja: wazazi, walezi na walimu wanaotaka kukaa na watoto na kutengeneza mapambo ya Krismasi kwa mikono yao. Nimewafundisha watoto wadogo kazi za mikono kwa miaka mingi na jambo hili nalipenda sana. Kwa hiyo nimejibu kwa kirefu pale ambapo najua watu hukwama, na kwa kifupi pale ambapo jibu halihitaji maneno mengi.

Swali: Mwalimu, pokea salamu zangu. Nina watoto wawili, wa miaka mitatu na wa miaka minane. Mwaka jana niliwakalisha mezani na karatasi za rangi, gundi na mkasi, lakini mdogo aliondoka baada ya dakika kumi, na kabla ya kuondoka alimrarulia mkubwa nyota yake. Nifanyeje ili mwaka huu tumalize hata pambo moja kwa amani? (Mama wa watoto wawili)

Jibu: Mama, salamu zimefika. Naomba kwanza nimtetee huyo mdogo. Dakika kumi za utulivu kwa mtoto wa miaka mitatu ni muda wa haki kabisa, na kosa halikuwa lake bali la mpango wa kazi, uliowaweka watoto wawili wenye uwezo tofauti mbele ya kazi moja, juu ya meza moja, kwa wakati mmoja. Mwaka huu tenganisha siku zao, na kazi ya mdogo itangulie. Mpe karatasi kubwa nyeupe na rangi za maji za aina mbili tu, kwa sababu rangi tano mikononi mwa mtoto mdogo huishia kuwa tope la kahawia. Aipake karatasi yote kwa viganja, kwa sifongo au kwa brashi nene mpaka atakapoona imetosha, kisha iacheni ikauke. Kesho yake ndipo yule wa miaka minane aichukue, achore nyota, kengele na mioyo upande wa nyuma, na kukata. Pambo litakalotoka hapo litakuwa la wote wawili, kwa kuwa rangi ni ya mdogo na umbo ni la mkubwa.

Usiku wa kuamkia siku ya kazi, tengeneza pambo moja peke yako ili ujue pagumu ni wapi, halafu lifiche. Mtoto akiona pambo la mtu mzima mezani hulinakili, na lake lisipofanana na hilo huliona limeharibika hata kama ni zuri.

Kuhusu mkasi, tafuta wenye ncha butu lakini makali yanayokata kweli. Mkasi usiokata hutafuna karatasi, mtoto akalazimika kutumia nguvu, na nguvu ndiyo inayoleta ajali. Kidole gumba kielekee juu, kwenye mkono unaoshika mkasi na kwenye mkono unaoshika karatasi pia. Kwa anayeanza, mkatie vipande virefu vyenye upana wa sentimita mbili, ili kila akifunga mkasi mara moja kipande kianguke. Nimeona watoto wengi wakicheka kwa mshangao pale kipande cha kwanza kinapodondoka mezani, na vipande hivyo vidogo vinatosha kabisa kubandikwa juu ya umbo la mti lililochorwa kwenye karatasi ngumu. Kama mtoto anatumia mkono wa kushoto, mtafutie mkasi uliotengenezwa kwa mkono huo, maana mkasi wa kawaida humziba mstari anaoufuata.

Swali: Tulikanda unga wa ngano na chumvi, tukakata nyota na miezi. Baadhi zilipata nyufa, baadhi zilifura katikati, na zile tulizopaka rangi zimebaki na unyevu hadi leo. Tumekosea wapi? (Baba wa mapacha)

Jibu: Baba Mapacha, mmekosea mahali patatu tofauti, na kila moja lina dawa yake. Nianze na vipimo, kwa sababu kila kitu kinasimama juu yake: vikombe viwili vya unga wa ngano wa kawaida, kikombe kimoja cha chumvi laini, na maji ambayo hayazidi kikombe kimoja. Maji yatiwe kidogo kidogo, kwani kwa kawaida robo tatu ya kikombe inakaribia kutosha, na hicho kinachobaki huongezwa kwa kijiko. Kanda kwa dakika kumi kamili, watoto wakipokezana, mpaka donge liwe laini kama ndewe ya sikio na lisinate tena kwenye vidole.

Zile zilizofura huenda zilitengenezwa kwa unga ambao kiwandani umekwisha kuchanganywa na kitu cha kuumulia. Soma pakiti kabla ya kuifungua. Kama unga ulikuwa wa kawaida, basi moto ulikuwa mkali mno, na maji yaliyomo ndani ya donge yaligeuka mvuke yakakosa pa kutokea. Mapambo haya hayaokwi, yanakaushwa. Weka oveni kwenye joto la kati ya nyuzi 100 na 120 za Selsiasi, nayo yakae humo saa mbili hadi tatu yakiwa na unene wa nusu sentimita, na ukiyageuza katikati ya muda huo kingo hazitajikunja. Asiye na oveni wala asihangaike. Ayalaze juu ya waya au wavu mahali penye hewa kwa muda wa siku nne hadi saba, akiyageuza kila siku, na atapata mapambo yaliyonyooka kuliko ya oveni.

Nyufa huletwa na mambo mawili. La kwanza ni kukausha kwa haraka, hasa juani, ambako uso wa juu hukauka na kusinyaa wakati ndani bado kuna maji. La pili ni chumvi ya mawe, ambayo punje zake huacha vishimo na mikwaruzo. Watu wengi hujaribu kuyeyusha chumvi hiyo katika maji ya moto kabla ya kukanda, lakini hesabu haikubali: gramu 100 za maji hubeba takriban gramu 36 tu za chumvi, kwa hiyo kikombe kimoja cha maji hakiwezi kumeza kikombe kimoja cha chumvi hata ukichemsha namna gani. Itwange au isage iwe laini, basi. Ufa mdogo uliokwisha kutokea hurekebishwa kwa kulainisha kipande cha donge kwa maji mpaka kiwe uji mzito, kukisukumia ndani ya ufa kwa kidole kilicholowa, na kukausha tena.

Unyevu baada ya kupaka rangi unamaanisha kwamba ndani hapakuwa pamekauka. Kabla ya kupaka, bonyeza katikati ya pambo kwa upande wa nyuma. Pakibonyea hata kidogo, lirudishe kwenye hewa. Gonga kwa ukucha, nalo litoe mlio mkavu kama wa kigae. Baada ya rangi kukauka, pakeni vanishi ya maji au gundi nyeupe pande zote mbili, pamoja na kingo na ndani ya tundu la uzi, mara mbili, kwa sababu chumvi hufyonza unyevu wa hewani na huanza kuingilia pale palipoachwa wazi.

Tundu lenyewe litobolewe donge likiwa bichi, kwa mrija wa kunywea, sentimita moja kutoka ukingoni. Likiwa karibu zaidi ya hapo, pambo hukatika kwa uzito wake lenyewe. Kazi hii mpe mtoto. Aukandamize mrija, auzungushe, auvute, kisha apulize, na kidonge cha unga kitakachoruka kutoka upande wa pili kitamfanya aombe kutoboa mapambo yote ya nyumba nzima.

Neno moja la tahadhari, na naliomba lishikwe kwa uzito. Donge hili lina chumvi nyingi kiasi kwamba mtoto akilimeza kwa wingi anaweza kuugua, na mbwa akila hata mapambo machache anaweza kupata sumu ya chumvi ambayo huua. Kama kuna mbwa nyumbani, mapambo ya unga yakae juu kabisa ya mti, na mabaki ya donge yasitupwe mahali anapoyafikia.

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi nina miaka 11. Nataka kutengeneza nyota kubwa ya karatasi ambayo si bapa, yaani inayojitokeza mbele, ya kuning'iniza dirishani. Nina penseli, rula, mkasi, uzi na gundi, lakini sina bikari. Naweza? (Msichana wa darasa la tano)

Jibu: Marahaba mwanangu. Unaweza, na bikari tutaitengeneza sasa hivi. Funga uzi kwenye penseli, upime sentimita tisa, na sehemu hiyo ya uzi uikandamize kwa kidole katikati ya karatasi ngumu. Zungusha penseli huku uzi ukiwa umekazwa, nawe utapata duara. Sasa uangalie jambo la ajabu katika hesabu: urefu uleule wa uzi uliochorea duara, ukiunyoosha moja kwa moja kutoka alama moja hadi nyingine kwenye ukingo wa duara hilo, bila kufuata mviringo wake, utaingia mara sita kamili na kurudi ulipoanzia. Weka nukta kila unapofika na uzipe namba 1 hadi 6. Unganisha kwa rula namba 1, 3 na 5, halafu 2, 4 na 6. Pembetatu mbili zilizopishana ndizo nyota yako yenye pembe sita.

Kata kwa kufuata ukingo wa nje wa nyota. Halafu chora mistari sita inayopita katikati, yaani mitatu inayounganisha ncha na ncha inayotazamana nayo, na mitatu inayounganisha kona za ndani zinazotazamana. Pitisha juu ya kila mstari kalamu iliyokwisha wino, ukiisaidia kwa rula, ili karatasi ikubali kukunjika bila kuchanika. Mistari ya ncha ikunje ielekee nje kama mgongo wa paa la nyumba, na mistari ya kona za ndani ikunje kwa kinyume, kama bonde. Usijaribu kukunja yote kwa mkupuo mmoja. Kunja mstari mmoja, ufungue, uende mwingine, na baada ya wa sita bana nyota taratibu kutoka pande zote, nayo itainuka yenyewe. Tengeneza ya pili ya ukubwa uleule, laza uzi kati ya ncha mbili, kisha ugundishe nyota hizo mgongo kwa mgongo, ukitia gundi kwenye ncha tu.

Utafurahi kujua kwamba huko Ujerumani, katika shule ya Wamoraviani ya mji wa Niesky, katika miaka ya 1830, nyota za karatasi zenye ncha nyingi zilianza kutengenezwa kama zoezi la jiometria, na kutoka hapo ikazaliwa nyota ambayo hadi leo huwashwa taa ndani yake na kutundikwa wakati wa Krismasi. Mwonyeshe mwalimu wako wa hesabu hiyo yako ikishakamilika.

Swali: Mwalimu, katika nyumba yetu kuna watoto wa shule wanaopenda kazi hizi, lakini pia kuna mdogo wao wa miezi 18 ambaye kila akionacho hukitia kinywani. Mke wangu anaona tuache mapambo ya mikono mpaka akue. Wewe unaonaje? (Baba mwenye wasiwasi)

Jibu: Wasiwasi wa mama ni wa haki, ila haina haja kuacha. Twaa kiini cha karatasi ya chooni, lile bomba la karatasi ngumu linalobaki, na kila kitu mnachotaka kukitumia kipitishe humo. Kinachopita ni kidogo kiasi cha kumkaba mtoto wa umri wa chini ya miaka mitatu: shanga, vifungo, kengele ndogo, mbegu kavu, macho ya plastiki. Vitu hivyo visitumike mwaka huu, au vitumike juu ya meza ndefu wakati mdogo amelala, kisha vihesabiwe kabla na baada ya kazi. Nimesema vihesabiwe kwa makusudi kabisa, na kazi ya kuhesabu wapeni hao wakubwa. Mtoto wa miaka saba akiambiwa kwamba zilitoka shanga 20 na lazima zirudi 20, atazitafuta chini ya kabati kwa bidii ambayo mtu mzima hana.

Hatari kubwa kuliko zote haifanani na hatari. Ni zile betri ndogo bapa, mviringo kama kifungo cha shati, zinazokaa ndani ya taa ndogo za mapambo na kadi zinazoimba. Ikikwama kooni, betri hiyo hupitisha umeme kwenye unyevu na kuanza kuunguza nyama ya koo, na madhara makubwa yanaweza kutokea ndani ya saa mbili. Mtoto akishukiwa kuimeza apelekwe hospitali papo hapo bila kusubiri dalili wala kumtapisha. Mimi ningesema taa za betri za namna hiyo zisiingie kabisa katika nyumba yenye mtoto wa umri huo, isipokuwa zile ambazo mfuniko wa betri umefungwa kwa skrubu. Sumaku ndogo zenye nguvu nazo ni vivyo hivyo, kwani mbili zikimezwa huvutana ndani ya utumbo na kuutoboa.

Vitanzi vya uzi viwe vifupi, vya kupita tawi tu, na matawi yote ambayo mdogo anaweza kuyafikia yatundikwe mapambo ya kitambaa au karatasi ngumu yasiyo na kitu cha kung'oka. Kuhusu chembe za kumetameta, zinaruka hadi machoni na nyingi ni plastiki isiyooza. Chumvi ya mawe iliyotiwa rangi na kunyunyizwa juu ya gundi inang'aa vizuri, ingawa hiyo pia imekusudiwa kutazamwa na wala si kulambwa. Bunduki ya gundi ya moto ishikwe na mtu mzima peke yake. Gundi ikimwangukia mtoto, mahali hapo pawekwe chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka kwa dakika 20, na pasipakwe mafuta wala dawa ya meno. Karatasi na pamba zisigusane na taa zinazopata joto, na mshumaa uliowashwa usikae karibu na mti.

Swali: Nina darasa la watoto 30 na fedha ya pakiti moja tu ya karatasi. Kuna kitu cha maana tunachoweza kufanya pamoja? (Mwalimu wa chekechea)

Jibu: Mwalimu mwenzangu, karatasi 30 zinatosha kuzungusha darasa lako. Karatasi ya kawaida ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7, nayo hutoa vipande tisa vyenye urefu wa sentimita 21 na upana wa sentimita tatu. Kila mtoto apewe karatasi yake nzima aipake rangi kwanza, pande zote mbili, halafu ndipo ikatwe. Kipande hukunjwa kuwa pete, hugundishwa, na cha pili hupitishwa ndani yake. Watoto 30 kwa pete tisa ni pete 270, na pete moja ina upana wa zaidi ya sentimita sita, kwa hiyo mnyororo wenu utapita mita 15. Gundi ya maji huteleza kabla ya kushika, na mtoto wa miaka minne hawezi kubana pete kwa dakika nzima. Mfundishe kubana na kuhesabu hadi kumi kwa sauti, au tumia vibanio vya nguo.

Ukibakiwa na karatasi, tengenezeni mnyororo mdogo wa pete 24 wa kuhesabia siku kuanzia tarehe 1 Desemba, pete moja ikikatwa kila asubuhi. Shauku ya watoto kutaka kujua zimebaki siku ngapi si jambo jipya. Mwaka 1839, mwanatheolojia Johann Hinrich Wichern, aliyekuwa akiwalea watoto maskini mjini Hamburg, alichoka, kama isemwavyo, kuulizwa kila siku kama Krismasi imefika, akachukua gurudumu la mkokoteni na kulipanga mishumaa, mikubwa minne kwa ajili ya Jumapili za Majilio, yaani zile nne zinazotangulia Krismasi, na midogo kwa siku za katikati. Taji la Majilio linalofahamika makanisani lilitokana na gurudumu hilo. Pete za karatasi hazihitaji moto, nazo ndizo ninazozipendekeza kwa darasa.

Swali: Mwanangu, wajukuu wangu wamenitengenezea mapambo mazuri sana. Ningependa yadumu ili waje wayaone wakiwa wakubwa. Niyahifadhi vipi? (Bibi wa wajukuu sita)

Jibu: Shikamoo Bibi. Nakuomba nianze na kosa langu mwenyewe, ili lisikupate. Niliwahi kuyafunga mapambo ya unga na chumvi ya darasa zima katika mfuko wa plastiki, nikaukaza fundo, nikauweka kabatini nikijua nimeyalinda. Nilipoufungua mwaka uliofuata nilikuta donge moja zito la kijivu lililotoa jasho, na ndani yake kikijitokeza kipande cha utepe mwekundu. Yalikuwa hayajakauka vizuri nilipoyafunga, nao unyevu ukakosa pa kwenda. Sikuweza kuwaficha watoto, na mmoja wao aliniuliza kama ninaweza kuutoa mkono wake humo. Alikuwa amepiga chapa ya kiganja.

Kwa hiyo Bibi, siku ya kushusha mti yaache mezani siku mbili tatu yapigwe hewa. Kila moja livingirishe kwenye karatasi laini au kitambaa cha pamba, na yote yakae ndani ya kopo la bati lenye mfuniko, kwa sababu panya, mende na wadudu wa nafaka wanautambua unga hata ukipakwa rangi. Vile vifuko vidogo vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu vipya vitupie humo, mbali na mikono ya watoto. Usiweke kopo darini penye joto kali wala sakafuni. Ya karatasi yalazwe bapa katikati ya kadibodi mbili, mbali na jua, kwani jua hula rangi.

Nyuma ya kila pambo andika jina la mtoto, umri na mwaka, kwa kalamu isiyofutika, kabla ya kupaka vanishi. Na kama mtoto alikueleza pambo lile ni nini, liandike hilo pia kwa maneno yake. Miaka 20 ijayo hakuna atakayekumbuka kwamba ile duara yenye miguu mitano ilikuwa kondoo.

Swali: Mwalimu, naandika kwa aibu. Watoto wangu walipamba mti wenyewe kwa mapambo waliyoyatengeneza, wakayarundika yote upande mmoja, chini. Tulikuwa tunatarajia wageni. Usiku walipolala niliyapanga upya, na machache yaliyokuwa yameharibika niliyapeleka nyuma, upande wa ukutani. Asubuhi binti yangu wa miaka sita alitazama kimya, kisha akaniuliza, "Mama, malaika wangu alikosa nini?" Sijui nilimjibu nini. Nifanyeje sasa? (Mama)

Jibu: Mama, barua yako nimeisoma mara kadhaa, na nakushukuru kwa kuiandika, kwa maana jambo ulilolifanya linafanywa na wengi na wachache hulisema. Uliutazama mti kwa macho ya mtu anayesubiri wageni. Binti yako aliutafuta mkono wake mwenyewe. Kwake malaika yule hakuwa pambo miongoni mwa mapambo, bali alikuwa jioni nzima ya kukata, kukosea, kugundisha mabawa kinyume na kuyabandua tena, na ndiyo sababu aliuliza kana kwamba ni mtu aliyeadhibiwa.

Kuhusu kurundika, piga magoti mbele ya mti, macho yako yawe sawa na yake, uutazame kutoka hapo. Kwa mtoto wa miaka sita mti ni ule upande unaomtazama, kuanzia kwenye kiuno hadi kwenye paji la uso. Matawi ya juu hayamo katika mti wake, na ya nyuma hayapo. Darasani kwangu kulikuwa na mvulana aliyetundika mapambo yake yote saba kwenye tawi moja, likainama hadi karibu na sakafu. Nilipomwuliza kwa nini, alinijibu kwamba yametengenezwa pamoja na yasingependa kutengana. Tuliliimarisha tawi lile kwa uzi kutoka tawi la juu yake, na likabaki hivyo.

Tangu hapo nina utaratibu ambao naweza kuupendekeza kwako. Kabla ya kupamba, mti hugawanywa: matawi ya chini mpaka pale mkono wa mtoto unapofika ni mamlaka yao, na mtu mzima hagusi bila kuomba ruhusa, naye hupamba sehemu iliyobaki apendavyo. Kama pambo ni zito, mwonyesheni mtoto kulitundika ndani karibu na shina ambako tawi ni nene, na mwambieni sababu yenyewe, ambayo ni uzito. Pambo likivunjika au kubanduka, rekebisheni pamoja, naye ashike gundi. Usilirekebishe usiku.

Ama kuhusu malaika, usimwambie binti yako kwamba alianguka au kwamba hukuona. Mwite mkiwa wawili tu, umwambie kwamba ni wewe uliyemhamisha, kwamba hakukosa kitu, na kwamba hukupaswa kumhamisha bila kumwuliza mwenyewe. Watoto wa umri huo husamehe kwa haraka kama maneno ni machache na ya kweli. Kisha mpe malaika mkononi mwake, umwulize anataka akae wapi, na usipendekeze mahali. Akimtundika chini kabisa, mabawa yakiwa yamegeukia ndani, muache hapo hapo hadi siku ya kushusha mti.